Mwalimu Phineas Shitanda, Aliyefundisha Kompyuta kwa Majivu

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1990, Mwalimu Phineas Shitanda anastaafu baada ya kushika chaki miaka ishirini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo ameishikia hapa kwetu, Shule ya Msingi ya Kisima Baridi, Langas. Wanasema anastaafu kwa sababu ya umri. Nimeuliza ofisini mara mbili kama ni umri peke yake, na mara zote mbili nimejibiwa ni umri peke yake. Haya. Tuandike umri.

Wasifu huu, wa ratiba ya sherehe ya leo ya kumuaga, ulitakiwa uandikwe na mtu mwenye diploma. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Gichuru, aliuzungusha katika chumba cha walimu, na ghafla kila mtu akawa na kazi. Huyu anasahihisha mitihani, yule mkono unamuuma. Shitanda mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpeni Mama wa jikoni. Huyo hajawahi kunisifu, kwa hivyo akisema neno zuri watu wataamini." Mimi ni mpishi wa shule hii. Kusoma nilisomea gumbaru, na watu wazima wenzangu, baada ya wajukuu kuanza kunidanganya kuhusu ripoti zao. Nimeandika kwa mkono wangu, na Mwalimu Priscah Kavetsa amepiga chapa. Nilisimama nyuma yake akipiga, asije akaniongezea maneno matamu.

Mwalimu Shitanda ni mtu wa Vihiga. Alianzia kazi Ainabkoi, kwenye baridi ile ya kukausha midomo, akifundisha hesabu. Alipoletwa hapa nilimwangalia kwa makini, kwa sababu hanywi chai ya sukari. Mtu anayekataa sukari ya bure, ama ni mgonjwa ama kuna jambo anaficha. Nimemchunguza miaka kumi na sita na sijaona ugonjwa. Hesabu zake watoto walizipenda, na hilo pia halikunituliza. Mtoto kupenda hesabu si kawaida.

Mwaka wa themanini na tatu wageni wa kanisa kutoka ng'ambo walituletea masanduku. Ndani mlikuwa na kompyuta nne, vitu kama televisheni iliyooana na taipureta. Watu walipiga makofi. Mimi nilirudi jikoni, kwa sababu kitu kizima hakitolewi bure, na anayekupa sufuria bila kifuniko atarudi kuuliza umepika nini. Walimu wengine hawakutaka kuzigusa. Mmoja alisema zinatoa miale, mwingine akasema zinaandika majina ya watu na kuyapeleka mahali. Shitanda alichukua kitabu kilichokuja nazo, akakisoma likizo nzima ya Aprili, na shule ilipofunguliwa akasema darasa la tano na la sita watajifunza. Wazazi wakauliza wajifunze nini. Akasema, "Kutoa amri iliyo wazi, na kukubali makosa yakiwa yako." Nilifikiri hiyo ni kazi ya kanisa.

Mambo hayakwenda kama kitabu kilivyosema. Mvua ya kwanza ilikuja na radi ikaua mbili. Stima yetu tulikuwa tunachangia na kinu cha posho cha Bwana Kimutai, na kila kinu kilipoanza kusaga, kompyuta zilizobaki zilizimika na kazi yote ya watoto ikapotea. Badala ya kulalamika, Shitanda alikwenda kwa Kimutai, akauliza wateja wa mahindi huja saa ngapi, akapanga vipindi vyake kwa kinu. Sisi wengine tungeandika barua kwa mkubwa fulani na kungoja.

Na kwa sababu mashine mbili haziwezi kutosha watoto wote wale, alichukua mbao, akapigilia visoda vya chupa kwa misumari, kila kisoda na herufi yake kwa rangi, zikiwa zimepangwa kama kwenye mashine. Watoto walibonyeza visoda mpaka vidole vikajua njia. Nikaanza kuwaona wakati wa kula githeri wamekaa kimya, vidole vinacheza juu ya meza, midomo inatembea bila sauti. Niliuliza mmoja anafanya nini. "Naandika jina lako, Cucu." Ndivyo wanavyoniita, yaani nyanya yao. Nikamwambia alifute.

Kuna jambo la kaseti, na sitaliacha kwa sababu kwaya bado wamenuna. Mashine zile zilikuwa zinaweka kazi ya watoto kwenye kaseti ya kawaida, ile ya kupigia nyimbo. Ukiiweka kwenye redio inalia kama mbwa aliyefungiwa na nyuki. Siku moja kaseti zikaisha, na mtu, na mimi najua ni nani lakini leo ni sherehe, akampa Shitanda kaseti ya kwaya akidhani ni tupu. Jumapili baba askofu akaja, kwaya wakasema wataanza na wimbo wao waliorekodi, wakabonyeza. Kanisa zima lilishika masikio. Baba askofu, mtu mpole, aliuliza ni lugha gani. Shitanda alisimama akasema ni darasa la sita wakichora nyumba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hapa hulizunguka kama shimo la choo. Wengi mlikuwapo, na mlionyamaza mnajijua.

Ilikuwa themanini na sita, mwaka ule ambao watu walikuwa wakizungumza huku wameangalia mlango. Mtu alichukuliwa na polisi kwa karatasi ya siasa aliyookota, mwingine kwa mzaha wa baa. Katika mashine zile mlikuwa na somo la kobe. Kobe ni alama ndogo kwenye kioo. Unamwamuru aende mbele kiasi fulani, ageuke kulia au kushoto, na anapopita anaacha mstari. Ukimwamuru vizuri, anachora nyumba. Kinu cha Kimutai kilikuwa kimeanza kusaga mchana kutwa kwa sababu ya mavuno, kwa hivyo Shitanda akalipeleka somo uwanjani. Mtoto mmoja anakuwa kobe. Anafungwa kiunoni mkebe wenye matundu, umejaa majivu. Wenzake wanapanga mstari na kutoa amri kwa zamu. Kobe anapotembea, majivu yanachora nyasini.

Majivu yalitoka jikoni kwangu. Aliomba, na nilimpa baada ya kumuuliza maswali yote niliyokuwa nayo. Lakini kobe alikuwa anachungulia na kujirekebisha mwenyewe amri ikikosewa, na Shitanda hakutaka hivyo, kwa sababu mashine haijirekebishi. Akachukua gunia tupu la unga kutoka stoo, akamvika kobe kichwani.

Hilo hakuuliza.

Sisi tuliotoka Murang'a na Nyeri tunajua gunia kichwani ni nini. Wakati wa Emajensi, askari wa mkoloni walitupanga uwanjani, wakubwa kwa wadogo. Halafu analetwa mtu amevikwa gunia, macho tu kwenye matundu mawili. Anapita mbele ya mstari polepole. Akisimama mbele yako na kutikisa kichwa, umekwisha. Tulimwita gakunia. Hukujua ni nani. Pengine ni jirani uliyemwazima chumvi jana yake. Mimi siku ile nilitoka jikoni kumwaga maji, nikaona mtu wa gunia anatembea mbele ya mstari wa watoto, anasimama, anageuka. Nilikaa chini kwenye matope na sufuria mkononi, na sikuona haya.

Barabarani alikuwa amesimama Bwana Mburu na baiskeli yake. Leo Bwana Mburu ni mwenyekiti wa kamati ya shule na amekaa pale mbele kwenye kiti cha kuegemea. Wakati ule alikuwa kijana wa chama, wale tuliokuwa tunawaita yuthwinga, na alikuwa na kazi ya kuangalia. Alimwona mtu wa gunia. Alisikia watoto wakisema kwa pamoja, mbele, kulia, mbele. Akaona alama nyeupe chini. Baba yake Mburu alionyeshwa na gakunia mwaka wa hamsini na nne na hakurudi nyumbani. Nasema hili ili msimcheke. Alipanda baiskeli akaenda stesheni ya polisi moja kwa moja, na mimi ningekuwa na baiskeli sijui ningeenda wapi.

Walimchukua Shitanda chaki ikiwa mkononi. Alilala huko, na kesho yake akalala tena. Sokoni wakasema anafunza watoto jeshi. Waliochelewa kufika sokoni wakasema majivu yalikuwa alama ya ndege kutua. Bwana Gichuru alifunga chumba cha kompyuta, akawaambia wanafunzi wakiulizwa waseme hawajawahi kuona kompyuta. Watoto ambao vidole vyao vilikuwa vinaandika wakiwa usingizini. Tulijua sote mambo yalivyosimama. Yule mtu akipelekwa kortini, haturudishiwi, na mashine zitabebwa, na hakuna mwalimu atakayethubutu tena kufundisha mtoto wa Langas kitu ambacho baba yake hakijui.

Mkubwa wa stesheni ndiye aliyetaka kujionea. Alikuja na Landrova, Shitanda akiwa nyuma, koti limekunjamana. Bwana Mburu aliitwa aje aonyeshe alichoona. Wazazi walijaa kwenye seng'enge, hakuna aliyeingia.

"Nani alikuwa amevaa gunia?" akauliza mkubwa.

Watoto waliangalia chini. Nilidhani hawatasema, na sikuwalaumu. Halafu akatoka Virginia wa darasa la sita, mwembamba hivi, soksi moja imeshuka.

"Ni mimi, afande." Akamgeukia Bwana Mburu. "Baba, ni mimi. Siku ile yote ni mimi."

Bwana Mburu ndiye baba yake. Hakumjua kwa sababu ya gunia.

"Livae tena nione," akasema mkubwa. Wanawake kwenye seng'enge wakaanza kunguruma. Hapo nilivuka, nikafungua kitambaa changu cha kichwa mbele ya watu wote, na nikamwambia mkubwa, "Mfunge macho kwa hiki, afande. Gunia halivaliwi hapa tena, hata ukinipeleka."

Aliangalia kichwa changu cheupe, akaniangalia mimi. "Wewe ni nani?"

"Mwenye majivu."

Virginia alifungwa kitambaa, mkebe ukajazwa. Watoto wakaanza kwa sauti ndogo, halafu wakasahau kuogopa. Mbele kumi. Kulia. Mbele kumi. Kulia. Nyasini ikatokea nyumba, ukuta, paa, na mlango umepinda kidogo kwa sababu mwenzake mmoja, Ouma, alikosea amri akakubali ni yeye. Mkubwa aliizunguka na fimbo yake kwapani.

"Hii ndiyo kompyuta?"

"Ndiyo hii, afande," akasema Shitanda. "Ile ya ndani inafanya hivi hivi, ila inakula stima."

"Hebu mimi." Akapanua kifua. "Mbele."

Virginia alisimama palepale.

"Mbele, nimesema."

Hakuna.

"Hujampa kiasi, afande," akasema Ouma. Kuna watu wazima walifunga macho.

"Mbele mia," akasema mkubwa.

Akaenda. Alikanyaga nyumba, akavuka mlango wake mwenyewe, akaendelea. Watoto wakamwambia mkubwa, mgeuze, mgeuze, lakini mkubwa hakuwa na amri nyingine tayari, na kobe aliyefundishwa vizuri hasimami kwa sababu ya huruma. Bwana Mburu alikuwa amesimama ndani ya seng'enge mbele yake. Angeweza kusogea. Hakusogea. Mtoto alimgonga tumboni, mkebe ukamwagika wote kwenye shati la chama, na baba akamshika mabega na hakumwachia mpaka mkubwa alipomaliza kucheka.

"Jeshi gani hili," alisema mkubwa akifuta macho, "linalogonga watu wake." Akamwambia Shitanda achukue koti lake kwenye gari. Akamwambia Bwana Gichuru afungue chumba. Hakuomba msamaha, hawaombi, lakini aliondoka bila mtu.

Jioni ile Shitanda alikuja jikoni, akakaa kwenye gunia la maharagwe, halafu akakumbuka akahamia kwenye stuli. Akaniuliza, "Mama, gunia lilikuwa na nini?" Nikamweleza. Hakukatiza. Chai yake isiyo na sukari ilipoa.

"Kwetu gunia ni la mahindi tu," akasema. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wewe ungeuliza lini? Umefundisha watoto wetu miaka hii yote na hujawahi kuuliza mama yao aliona nini akiwa mtoto."

Mwanamume wa kawaida angejitetea. Yeye alisimama akaenda kwa Bwana Mburu kwa miguu, aliyeshtakiwa akaenda kwa aliyemshtaki, akabisha hodi. Nilishuku sana safari ile. Walikaa mpaka taa ikawashwa. Walisema nini sijui kwa hakika. Kidogo ninajua, kwa sababu mke wa Mburu tunasali naye, lakini hilo si la kuchapishwa.

Tangu hapo Mwalimu Shitanda hakuanza somo lolote jipya kabla ya kulijaribu kwa wazazi. Aliita baraza la wazazi na kuwafanya kobe, wazee na bakora zao, kina mama na watoto mgongoni. Mmekosana na waume zenu pale uwanjani kwa sababu ya kulia na kushoto, msijifanye mmesahau. Akauliza kila mara, kuna mtu hiki kinamkumbusha jambo baya? Mara moja mzee mmoja alisema ndiyo, na somo likabadilishwa bila mzee kuulizwa kwa nini. Mimi ninasema hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mashine zitakuja nyingine.

Mafanikio yake wengine watayataja kwa maikrofoni. Mimi nitataja watu. Virginia anasoma Nairobi na anaandika barua zisizo na kosa. Ouma anatengeneza redio mjini na anamwambia mteja ukweli kama redio imekufa. Priscah Kavetsa alikuwa katika darasa lile la kwanza kabisa, akaenda sekondari, akarudi hapa mwanzo wa mwaka huu kama mwalimu asiye na cheti, na tangu arudi ndiye anayefundisha visoda na kobe Shitanda akiwa amekaa nyuma. Mashine ya pili nayo ilishakufa, na hiyo moja iliyobaki anaijua mpaka inapokohoa.

Na hapo ndipo usingizi wangu umeharibika. Muhula huu niliwaona watu wawili ndani ya chumba cha kompyuta na futi ya kupimia, na Bwana Mwenyekiti amesimama mlangoni. Nilipeleka chai ambayo hawakuagiza. Niliambiwa wanapima mapazia. Chumba kile kina dirisha moja, na hawa walikuwa wamepiga magoti. Mtu hapimi sakafu kwa ajili ya mapazia. Wiki iliyofuata nikasikia, na aliyeniambia hana sababu ya kudanganya, kwamba kuna chuo cha makarani kinatafuta chumba Langas, chenye stima, na kwamba Shitanda akishaondoka hakuna mwalimu wa somo lile, kwa hivyo chumba kitakuwa wazi. Pengine ni uongo. Bwana Mburu, kama ni uongo, nitakupikia kuku na nitakuita mwanangu. Hujawahi kuwa mtu mbaya. Wewe ni mtu anayeona jambo kwa mbali na kuamua akiwa bado juu ya baiskeli.

Kwa hivyo nimeongeza jambo kwenye ratiba ya leo. Tafuteni ukurasa wa nyuma, baada ya zawadi na kabla ya sala. Mwalimu Phineas Shitanda atamkabidhi Mwalimu Priscah Kavetsa ufunguo wa chumba cha kompyuta, mbele ya wazazi wote, na Priscah atasema kwa sauti kwamba amepokea. Kamati haikuulizwa. Bwana Mwenyekiti alipewa ratiba aikague, akakagua ukurasa wenye picha yake, akasema ni sawa. Nakala mmepewa mlangoni, kila mzazi yake. Mwalimu Shitanda naye anajua sasa hivi, akisoma kama ninyi. Mwalimu, usiangalie huku jikoni. Ingiza mkono mfukoni, ufunguo unao.

Asante kwa miaka hii. Ulikosea mbele yetu ukauliza, na wakubwa wengi tuliowapitia hawakujua kufanya hayo mawili. Nenda Vihiga, mke wako akuzoee, magoti yakae bila maumivu, mahindi yasiliwe na nyani, na jirani akikuona unafanya jambo asiloelewa, aje akuulize wewe kabla ya kuuliza mwingine. Uishi siku nyingi. Kushuku niachie mimi, nitashuku kwa niaba ya watoto.

Na wewe Priscah, ukishapokea ufunguo usirudi kukaa. Nenda ukafungue. Kimutai amekubali kuzima kinu mchana huu, na darasa la tano nimewaambia wakungoje mlangoni.

Warigia wa Waweru
Mpishi, Shule ya Msingi ya Kisima Baridi, Langas, Eldoret
Ijumaa, 16 Novemba 1990